Kutoka Utapiamlo hadi Kiribatumbo: Shule za Msingi za Uingereza na Uzito wa Watoto, 1906–2018

1.0 Utangulizi

Mwaka 1907, katika mji wa Bradford kaskazini mwa Uingereza, watoto wapatao 40 kutoka familia maskini walipewa milo miwili kila siku ya masomo na kupimwa uzito mara kwa mara. Daktari wa shule za mji huo, Ralph Crowley, alitaka kuthibitisha kwamba mtoto anayelishwa shuleni huongezeka uzito. Watoto waliongezeka. Shule zilipofungwa kwa likizo fupi na milo ikasimama, uzito wao ulishuka. Milo iliporejea, ukapanda tena. Miaka 100 baadaye watoto wa nchi hiyohiyo walikuwa wakipandishwa mizani tena shuleni, lakini kwa hofu ya namna nyingine: serikali ilitaka kujua ni wangapi waliokuwa na uzito uliozidi.

Makala haya yanachunguza jinsi shule ya msingi ya Uingereza ilivyotoka kuwa chombo cha kupambana na njaa na kuwa chombo cha kuzuia kiribatumbo. Hoja kuu ni kwamba shule ilirithi vifaa vya enzi ya njaa, yaani mizani, daktari na sahani ya chakula, lakini ilipokabidhiwa jukumu jipya haikupewa nguvu ileile iliyokuwa nayo awali. Katika enzi ya njaa dola ilitunga sheria, ikatoa fedha na kupika chakula. Katika miaka ya mwanzo ya vita dhidi ya kiribatumbo, dola ilitegemea zaidi somo darasani. Tofauti hiyo inaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini programu nyingi zilibadili maarifa ya watoto bila kubadili uzito wao. Sheria na takwimu zinazojadiliwa zinahusu zaidi England, kwa kuwa sehemu nyingine za Uingereza zina mamlaka zao za elimu.

2.0 Enzi ya Njaa: Sheria, Fedha na Chakula

Chimbuko la huduma za afya shuleni nchini Uingereza ni hofu ya kijeshi. Wakati wa Vita vya Makaburu nchini Afrika Kusini, kati ya mwaka 1899 na 1902, vijana wengi wa mijini waliojitokeza kujiunga na jeshi walikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza kudhoofika kwa afya ya wananchi, na ripoti yake ya mwaka 1904 ilipendekeza watoto wa shule wakaguliwe na madaktari na wenye njaa walishwe.

Sheria mbili zilifuata. Sheria ya mwaka 1906 iliziruhusu halmashauri kutumia kodi za wenyeji kuwalisha wanafunzi walioshindwa kusoma kwa sababu ya njaa. Mmoja wa waliosukuma hoja hiyo bungeni alikuwa Fred Jowett, mbunge wa Bradford, mji ambao Margaret McMillan alikuwa amepigania afya ya watoto wa shule kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1907 iliweka ukaguzi wa kitabibu katika shule za umma. Wapinzani walidai kwamba kumlisha mtoto ni kazi ya mzazi na kwamba dola ikiingilia kati wazazi watazembea. Dai hilo lingesikika tena karne moja baadaye kwa maneno yanayokaribiana sana.

Jambo lililoanza kama ruhusa liligeuka wajibu polepole. Mwaka 1934 bei ya maziwa ya shuleni ilipunguzwa kwa ruzuku. Vita Kuu ya Pili iliharakisha mambo: mwaka 1941 viliwekwa viwango vya kwanza vya lishe ya chakula cha shuleni, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1944 ikazilazimisha halmashauri kutoa chakula cha mchana. Kuanzia mwaka 1946 kila mwanafunzi alipata theluthi moja ya painti ya maziwa kwa siku bila malipo. Kufikia hapo mlo wa shule ulikuwa umekoma kuwa sadaka kwa maskini. Ulikuwa sehemu ya kawaida ya siku ya masomo, na mtoto wa daktari na wa mchimba makaa waliweza kukaa meza moja.

3.0 Soko Laingia Bwaloni

Mfumo huo ulianza kumegwa pale nchi ilipoamini kwamba njaa imekwisha. Mwaka 1968 maziwa ya bure yaliondolewa katika shule za sekondari. Mwaka 1971 Waziri wa Elimu, Margaret Thatcher, aliyafuta kwa watoto waliozidi umri wa miaka saba. Wataalamu wa lishe walihofu kwamba watoto wangedhoofika, na kwa sababu hiyo ulianzishwa mwaka 1972 utafiti wa kitaifa wa kufuatilia afya na ukuaji wa watoto wa shule za msingi.

Kisa cha utafiti huo kinastahili kuzingatiwa. Uliundwa kuvizia utapiamlo, lakini kilichonaswa ni kinyume chake. Kati ya mwaka 1974 na 1984 takwimu za uzito hazikubadilika sana. Kati ya mwaka 1984 na 1994, uwiano wa wavulana wa England wenye uzito uliozidi ulipanda kutoka asilimia 5.4 hadi 9.0, na wa wasichana kutoka asilimia 9.3 hadi 13.5. Mtego uliotegwa kwa ajili ya adui wa zamani ulikuwa umemnasa mgeni ambaye hakuna aliyekuwa akimsubiri.

Katika miaka hiyohiyo bwalo la shule lilikuwa linageuka duka. Sheria ya Elimu ya mwaka 1980 iliziondolea halmashauri wajibu wa kumpa kila mtoto chakula cha mchana, ikafuta bei moja ya mlo na viwango vya lishe vilivyokuwepo. Mwaka 1988 halmashauri zililazimishwa kutangaza zabuni za huduma ya chakula, na aghalabu aliyeshinda ni mwenye bei ya chini. Majiko ya shule yaliyopika viazi, mboga na nyama yalipungua. Mahali pake pakachukuliwa na vyakula vilivyosindikwa kiwandani, vinavyohitaji kukaangwa au kupashwa moto tu. Viwanja vingi vya michezo vya shule viliuzwa. Nje ya shule, matangazo ya soda na peremende yalijaza televisheni, na watoto walizidi kupelekwa shuleni kwa magari ya wazazi.

Haitakuwa sahihi kudai kwamba Sheria ya mwaka 1980 peke yake ndiyo iliyoleta kiribatumbo. Ongezeko la uzito lilitokea pia katika nchi ambazo hazikuwa na sheria ya namna hiyo. Linaloweza kusemwa ni kwamba dola ilitoka bwaloni wakati uleule ambapo viwanda vya chakula vilikuwa vinaingia, na shule ikapoteza njia yake kuu ya kuathiri kile mtoto anachokula.

4.0 Somo Darasani: Majaribio ya Leeds na Christchurch

Mwaka 1992 serikali ilitoa waraka wa sera ya afya ulioweka lengo la kupunguza kiribatumbo miongoni mwa watu wazima hadi asilimia 6 kwa wanaume na 8 kwa wanawake ifikapo mwaka 2005. Lengo hilo halikufikiwa. Mwelekeo ulikuwa wa kupanda, si kushuka. Watafiti na watunga sera waligeukia watoto wadogo, wakitumaini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi.

Jaribio mashuhuri la kwanza lilifanyika Leeds na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2001. Lilihusisha shule 10 za msingi na watoto 634 wenye umri wa miaka 7 hadi 11. Walimu walipewa mafunzo, kila shule iliandaa mpango wake wa utekelezaji, na masomo ya lishe na mazoezi yaliimarishwa. Baada ya mwaka mmoja wa masomo, watoto katika shule zilizopata afua walikula mboga zaidi kidogo kuliko wenzao. Kuhusu uwiano wa uzito kwa urefu, hapakuwa na tofauti.

Jaribio la pili, lililofanyika Christchurch katika jimbo la Dorset na kuchapishwa mwaka 2004, lilichagua shabaha moja tu: soda. Lilihusisha watoto 644 wa shule sita, na waliopangiwa afua walifundishwa kwamba soda ina sukari nyingi na kuhimizwa kunywa maji. Mwezeshaji aliingia kila darasa lililopangiwa afua takriban mara moja kwa muhula, na somo moja lilionyesha jino lililotumbukizwa katika kinywaji cha kola. Baada ya miezi 12, uwiano wa watoto wenye uzito uliozidi katika kundi la ulinganisho uliongezeka kwa asilimia 7.5, ilhali katika kundi lililofundishwa ulipungua kwa asilimia 0.2. Matokeo haya yaliamsha matumaini makubwa. Hata hivyo, watafiti walipowafuatilia watoto haohao miaka mitatu baada ya kuanza kwa jaribio, tofauti baina ya makundi mawili haikuwepo tena.

Majaribio haya mawili yanafunua tatizo lililojirudia kwa miaka mingi iliyofuata. Mtoto wa miaka minane anaweza kuelewa vema madhara ya sukari na kuyaeleza kwa ufasaha. Lakini si yeye anayenunua chakula cha nyumbani, si yeye anayepanga bei ya matunda, wala si yeye anayeamua kama njia ya kwenda shule ni salama kwa miguu. Elimu inapotolewa kwa mtu asiye na uamuzi, inakuwa kama kumfundisha kuogelea mtu asiye na bwawa.

5.0 Kurejea kwa Dola Bwaloni, 2001–2009

Viwango vya chakula cha shuleni vilirejeshwa kisheria mwaka 2001, lakini vilitaja aina za vyakula tu bila kuweka kipimo cha virutubisho, na wazabuni wengi waliendelea na mazoea yao. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuwapa watoto wa miaka minne hadi sita tunda au mboga kila siku ya masomo.

Msukumo mkubwa ulitoka katika televisheni. Mwaka 2005 mpishi Jamie Oliver alionyesha, katika mfululizo wa vipindi, kwamba viambato vya mlo mmoja wa shule viligharimu peni 37, na kwamba vipande vya nyama ya bata mzinga vilivyosindikwa, vilivyojulikana kama Turkey Twizzlers, vilikuwa chakula cha kawaida cha watoto. Zaidi ya watu 270,000 walitia saini ombi la kutaka mabadiliko. Serikali iliahidi pauni milioni 280 na kuunda jopo la wataalamu pamoja na taasisi ya kusimamia chakula cha shuleni. Viwango vipya vya vyakula vilianza mwaka 2006. Viwango vya virutubisho vikafuata mwaka 2008 kwa shule za msingi na 2009 kwa sekondari. Soda, chokoleti na vibanzi vya pakiti viliondolewa shuleni, na vyakula vya kukaangwa kwa mafuta mengi vikawekewa ukomo wa siku kwa wiki.

Mabadiliko hayo yalikumbana na upinzani. Septemba mwaka 2006, huko Rawmarsh katika South Yorkshire, akina mama kadhaa walipitisha baga na chipsi kwenye uzio wa shule ya sekondari ili kuwapa wanafunzi waliokataa mlo mpya. Magazeti yaliwakejeli kama wazazi wasiojali afya za watoto wao. Akina mama wenyewe walilalamika kwamba foleni zilikuwa ndefu, muda wa kula mfupi, na kwamba hakuna aliyewauliza maoni. Kwa jumla, idadi ya wanafunzi waliokula chakula cha shule ilipungua katika kipindi cha mwanzo kabla ya kupanda tena. Funzo la kihistoria liko wazi: chakula bora kinachowekwa mezani bila kumshirikisha mlaji na mzazi wake kinaweza kubaki mezani.

Pamoja na vikwazo hivyo, kulikuwa na faida. Utafiti wa wanauchumi kuhusu shule za msingi za Greenwich, zilizotangulia kubadili milo, ulionyesha kuboreka kwa matokeo ya Kiingereza na sayansi na kupungua kwa utoro unaotokana na ugonjwa. Mlo bora ulikuwa na thamani yake hata pale ambapo mizani haikusogea.

6.0 Mizani Yarudi: Upimaji wa Kitaifa na Mzigo wa Lawama

Katika mwaka wa masomo wa 2005/06 ulianza mpango wa kitaifa wa kupima urefu na uzito wa watoto wa England wanapoanza shule, wakiwa na miaka 4 hadi 5, na wanapokaribia kumaliza shule ya msingi, wakiwa na miaka 10 hadi 11. Kwa kipimo cha idadi ya watu, mpango huu ni hazina. Takwimu za mwaka 2006/07 zilionyesha kiribatumbo kwa asilimia 9.9 ya watoto wanaoanza shule na asilimia 17.5 ya wanaomaliza. Mwaka 2017/18 takwimu hizo zilikuwa asilimia 9.5 na 20.1. Kwa maneno mengine, uwiano wa wenye kiribatumbo uliongezeka maradufu katika miaka ileile ambayo mtoto yuko chini ya uangalizi wa shule.

Takwimu hizo zilifichua jambo lingine zito. Katika maeneo maskini zaidi, uwiano wa watoto wenye kiribatumbo ulikuwa zaidi ya mara mbili ya ule wa maeneo tajiri zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtoto wa maskini alitambulika kwa wembamba wake. Mwanzoni mwa karne ya 21 alielekea kutambulika kwa unene wake. Umaskini ulikuwa umebadili sura bila kuhama nyumba.

Tatizo lilikuja pale takwimu ilipogeuzwa barua. Halmashauri zilianza kuwaandikia wazazi matokeo ya watoto wao, na magazeti yakaziita barua hizo kwa majina ya dhihaka. Baadhi ya wazazi walizipokea kama taarifa yenye manufaa. Wengine waliziona kama shutuma dhidi ya malezi yao. Barua ilimweleza mzazi kwamba mtoto ana tatizo, lakini mara nyingi haikuambatana na msaada wa kutosha. Hapa ndipo tofauti na mizani ya Bradford inapojitokeza. Crowley alipima watoto ili kuishtaki njaa na kuidai halmashauri chakula. Barua ya karne ya 21, hata kama haikukusudiwa hivyo, ilisomeka kama hati ya kumshtaki mtoto na mama yake.

7.0 Kutoka Darasani hadi Kiwandani, 2012–2018

Muongo wa pili wa karne ya 21 ulileta njia mpya. Mwaka 2012 mwalimu mkuu Elaine Wyllie, katika shule moja ya msingi mjini Stirling huko Scotland, alianzisha utaratibu wa kila mtoto kukimbia au kutembea nje kwa dakika 15 kila siku. Haukuhitaji sare, vifaa wala ushindani, na shule nyingi ndani na nje ya Uingereza ziliuiga. Septemba mwaka 2014 England ilianza kutoa mlo wa bure kwa watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo, bila kujali kipato cha mzazi, na hivyo kufufua kwa sehemu ile meza ya pamoja ya mwaka 1944.

Jaribio kubwa lililosubiriwa kwa hamu lilifanyika katika eneo la West Midlands na matokeo yake yakatolewa Februari mwaka 2018. Shule 54 na watoto takriban 1,400 wenye umri wa miaka 5 hadi 6 walihusika. Kwa mwaka mzima, shule zilizopangiwa afua ziliongeza dakika 30 za shughuli za mwili kila siku, ziliwaalika wazazi kwenye warsha za mapishi, na zilishirikiana na klabu ya soka ya Aston Villa. Watoto walipopimwa baada ya miezi 15 na 30, hapakuwa na tofauti ya maana ya uzito kati ya makundi. Watafiti walihitimisha kwamba afua za aina hiyo shuleni pekee hazielekei kupunguza kiribatumbo, na kwamba familia, jamii, matangazo na viwanda vya chakula vina nguvu zaidi.

Miezi miwili baadaye, Aprili mwaka 2018, tozo ya vinywaji vyenye sukari ilianza: peni 18 kwa lita pale sukari inapofikia gramu 5 katika mililita 100, na peni 24 inapofikia gramu 8. Kwa kuwa tozo ilitangazwa miaka miwili kabla, viwanda vingi vilipunguza sukari mapema ili kuikwepa, na serikali iliahidi mapato yake yasaidie michezo shuleni. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 kwa kutumia takwimu za upimaji wa kitaifa ulihusisha tozo hiyo na upungufu wa asilimia 8 wa kiribatumbo miongoni mwa wasichana wa darasa la mwisho la shule ya msingi, ikilinganishwa na hali iliyotarajiwa. Kwa wavulana na kwa watoto wanaoanza shule, uhusiano huo haukuonekana. Matokeo hayo si muujiza, lakini yana uzito wa kihistoria: shabaha ni ileile iliyolengwa Christchurch kwa somo la darasani, yaani soda. Tofauti ni kwamba safari hii aliyetakiwa kubadilika hakuwa mtoto bali mtengenezaji.

8.0 Hitimisho

Historia hii haithibitishi kwamba shule haina nafasi katika kuzuia uzito uliozidi. Inathibitisha kwamba nafasi yake inategemea kile inachokabidhiwa. Shule ilipopewa sheria, fedha, jiko na chakula, ilibadili miili ya watoto kwa namna iliyoonekana kwenye mizani. Ilipopewa kitabu cha mafunzo na kuachwa ishindane na matangazo, bei na maduka ya jirani, ilifanikiwa kubadili majibu ya maswali ya mtihani.

Kwa nchi yoyote ambayo shule zake bado zinafikiria lishe kama suala la uji na njaa peke yake, mfano wa Uingereza una onyo. Utapiamlo na kiribatumbo vinaweza kupokezana katika kizazi kimoja au viwili, na vyote viwili huanza kumwandama mtoto wa maskini. Jiko la shule, maji safi ya kunywa, kiwanja cha kuchezea na viwango vya lishe vyenye nguvu ya sheria ni rahisi kuvilinda kuliko kuvirejesha baada ya kuvifuta. Mizani nayo ibaki mikononi mwa wanaotaka kuiwajibisha jamii, kwa kuwa mtoto wa miaka mitano hawezi kujibu mashtaka yasiyo yake.